Sauti Upande wa Abiria

Fundi Sirili alilisikiliza gari kwa bisibisi. Ncha aliiweka kwenye chuma cha injini, mpini akaukandamiza kwenye sikio la kulia, na sikio la kushoto akaliziba kwa kidole chenye grisi. Ndivyo alivyofanya kwa miaka thelathini na nne katika gereji yake ya Majengo, mjini Moshi, nyuma ya duka la vipuri vya cherehani, na wateja wapya walipocheka aliwaacha mpaka wamalize. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, wiki moja kabla ya Krismasi. Gari lililokuwa mbele yake lilikuwa jekundu, la spoti, lenye viti viwili tu, na lilikuwa chini mno kiasi kwamba paka wa gereji, aliyezoea kulala chini ya magari, alilizunguka mara mbili akaenda kulala kwingine.

Mwenye gari aliitwa Wilbert. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, alifanya kazi ya bima Dar es Salaam, na kama wenzake wengi waliozaliwa mlimani, kila Desemba alipanda nyumbani Old Moshi kuchinja mbuzi na kuonana na ndugu. Safari hii gari lilikuwa limemnyima raha njia nzima.

"Linagonga?" Sirili akauliza.

"Haligongi. Linafanya hivi." Wilbert alifunga mdomo akatoa sauti kooni mara mbili, ya kwanza ndefu, ya pili fupi. "Halafu linanyamaza. Linaweza kukaa siku mbili, linaweza kukaa dakika kumi, linarudia tena."

Mafundi wawili wa Dar walikwisha kubadilisha shokapu, bushi na beringi za mbele. Wa tatu aliunganisha mashine ya kupima, mashine ikasema gari ni zima, naye akamshauri Wilbert aongeze sauti ya redio. Sirili hakuwasema vibaya. Alifuta mikono, akatoa daftari la shule mfukoni mwa ovaroli, akavuta kigoda.

"Sauti inayokuja na kuondoka huwezi kuikimbiza na spana," alisema. "Kaa hapo nikuulize. Mara ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Ubungo, kwenye mataa."

"Unafanya nini?"

"Nimesimama tu. Nilikuwa na mwenzangu wa ofisini, namwonyesha picha ya nyumbani kwenye simu."

"Ulimwambia nini?"

"Fundi, hiyo inahusiana nini na bushi?"

"Sijui bado."

Wilbert akashusha pumzi. "Nilimwambia hapa ni kwangu."

Sirili akaandika. Nyingine aliyoikumbuka vizuri ilikuwa Korogwe. Wilbert alikuwa anaongea kwa simu na fundi wa geti, anamwambia geti liwe la kuteleza maana uwanja wake ni mpana. Ya mwisho ilikuwa Himo, akimwalika bosi wake: afike kwake tarehe ishirini na tano, mbuzi wapo. Mvua haikuwapo siku hizo zote. Tangi lilikuwa limejaa mara moja, na mara mbili lilikuwa nusu. Gia zilikuwa tofauti, mwendo tofauti, lami tofauti. Sirili aliyasoma majibu yote kutoka juu hadi chini, akafunga daftari, akasema waende barabarani.

Walielekea Kiboriloni. Sirili alikaa upande wa abiria magoti yakiwa karibu na kidevu, akimwamuru Wilbert aende kasi, apunguze, akanyage breki, apande tuta, akate kona. Gari lilifanya yote kwa adabu. Walipopita kituo cha mafuta Sirili akasema, "Haya, sema lile neno."

"Neno gani?"

"La nyumbani."

"Nyumbani kwangu," Wilbert akasema.

Sauti ikatoka, mara mbili, ndefu na fupi.

"Rudia."

"Uwanja wangu."

Ikatoka.

"Sema gari langu."

"Gari langu." Kimya. "Mke wangu." Kimya. "Kazi yangu." Kimya. "Uwanja wangu."

Ikatoka tena, na safari hii ilikuwa na uchovu kidogo, kama ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilohilo mara nyingi. Sirili akamwambia aegeshe pembeni, karibu na kinamama wanaouza ndizi. Aliweka ncha ya bisibisi chini ya droo ya dashibodi, akainama, akaziba sikio. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mama mmoja alikuja kuuliza kama wanataka ndizi mishare, akaona wana kazi, akarudi kwenye mafungu yake.

"Ni mzee wako," Sirili akasema. "Koo hili nalijua."

Alilijua kweli. Mzee Hosea alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa kahawa kwa miaka ishirini na mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, na Sirili ndiye aliyekuwa akitengeneza pikapu ya chama. Mara nyingi alilala chini ya pikapu hiyo uani huku kikao kikiendelea ofisini, dirisha likiwa wazi. Mzee Hosea hakumkatisha mtu hata siku moja. Mtu aliposema lisilo kweli, mzee alisafisha koo mara mbili, ndefu na fupi, halafu akangoja. Wengi walijirekebisha wenyewe kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, akazikwa kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kati ya migomba.

Wilbert alizima injini. "Unasema baba yuko humu?"

"Upande wa abiria, nyuma ya droo. Yuko vizuri, hajabanwa na waya."

Wilbert alifikiri kidogo. Alikuwa amejiandaa kusikia habari mbaya zaidi, maana giaboksi ya gari lile haikuwa ikipatikana Tanzania nzima. "Anaharibu kitu?"

"Hapana."

Sirili alivua kofia yake. "Shikamoo, mzee," akaiambia droo.

"Marahaba," sauti ikajibu. "Ni Sirili?"

"Ni mimi, mzee."

"Pikapu bado ipo?"

"Waliiuza chuma chakavu."

"Hm," sauti ikasema, kwa masikitiko ya kweli.

"Shikamoo, baba," Wilbert akasema. Alimpenda baba yake, na kwa miaka minne hakuwa amesikia mtu akimwita mwanangu kwa namna ile.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni kazi, baba. Kuna tatizo gani?"

Mzee alisafisha koo. Kinamama wa ndizi walikuwa wakicheka kitu chao. Lori lilipita. "Anaeli yuko wapi?" mzee akauliza.

"Yuko Kahe."

Wilbert alimwita baba yake mara tatu, akagonga droo kwa kidole, akaifungua, akakuta kitabu cha gari na miwani yake ya jua. Sirili alivaa kofia.

"Mzee Hosea hafungui kikao mpaka wahusika wote wamekaa," alisema. "Mfuate dada yako. Mimi nitakukuta juu, siwezi kukurudishia gari bila jaribio la mwisho."

Habari ya Anaeli iliyobaki ni fupi, na hakuna mtu mlimani asiyejua nyingine inayofanana nayo. Alikuwa mtoto wa kwanza, Wilbert wa mwisho, na mama yao alipokufa Anaeli ndiye aliyembeba Wilbert mgongoni huku akikatia ng'ombe majani. Aliolewa Rombo, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani akakaa na baba. Kwa miaka sita ya mwisho ndiye aliyekamua, aliyechuma kahawa, aliyemwogesha mzee na kumkata kucha. Mzee alimpa kipande cha kihamba kuanzia mfereji hadi kwenye mparachichi. Hakuandika karatasi. Alipanda masale kuzunguka mpaka wote, mche mmoja mmoja, kwa mkono wake, na mlimani mtu haruki masale kama ambavyo haruki ukuta. Anaeli akapanda humo kahawa mia moja na arobaini.

Jioni ya mwisho ya uhai wake Mzee Hosea alisafisha koo. Wilbert, aliyekuwa amefika asubuhi kutoka Dar, alimshika mkono akamwambia, "Pumzika, baba. Tutaongea kesho." Alisema hivyo kwa upendo, na hilo lazima lisemwe. Mzee hakuamka.

Baada ya maziko ukoo ulikaa kikao chini ya turubai. Anaeli hakuwapo, alikuwa jikoni na masufuria ya ndizi na nyama ya watu mia mbili, maana mtoto wa kike msiba ukiwa wa baba yake hawezi kuwaachia majirani jiko. Alipotoka na birika la chai wajomba na baba wadogo walikuwa wamekwisha kumaliza: nyumba na kihamba chote ni vya kitinda mimba, kama ilivyo desturi, na dada ataangaliwa. Hakuna aliyemsema vibaya. Mmoja alimsifu kwa chai. Miezi mitatu baadaye Wilbert aling'oa kahawa na masale, akasakafia kipande chote kwa vitofali vya zege ili magari yapate pa kuegesha na kugeuzia. Ng'ombe akauzwa. Anaeli alishuka Kahe, ambako mwenzake wa kwaya alimpatia chumba cha kupanga na vitalu vinne vya vitunguu pembeni ya mfereji. Alichotaka tangu siku hiyo kilikuwa kitu kimoja, kurudi kwenye kipande kile na kupanda upya kahawa yake. Hakumwambia mtu ila Mungu, na kwake pia aliona haya kurudia kila jioni.

Wilbert alifika Kahe saa sita mchana. Tumbo la gari lilikuwa limekwaruzwa na barabara ya vumbi mara kumi na moja, alizihesabu. Anaeli alikuwa akipalilia, sketi kaifunga juu ya magoti, kichwani kitambaa cheupe. Aliliona gari jekundu likija kwa kubembea kati ya mashamba ya mpunga, akajua ni mdogo wake kabla hajashuka, kwa jinsi alivyogeuza usukani kwa mkono mmoja.

"Wili," alisema. "Umekonda."

"Shikamoo, dada. Baba naye kasema hivyohivyo."

"Marahaba. Kasema lini?"

"Leo asubuhi. Yuko kwenye gari. Anasafisha koo, hataki kusema mpaka uwepo."

Anaeli alichomeka jembe kwenye tuta. "Mmempa kitu cha kunywa?"

"Hapana."

"Mtu miaka minne hajanywa kitu, mnataka aseme," alisema, akaenda kuosha miguu.

Alivaa gauni lake la kanisani, akachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, akaijaza kwenye chupa. Wilbert alikaa kwenye kiti kimoja kilichokuwamo chumbani akamwangalia. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mkaa na dirisha moja, na bati lilikuwa likilia kwa joto. Alisema chumba ni kizuri. Anaeli akasema ndiyo, hakivuji.

Alipoketi kwenye kiti cha abiria na kufunga mkanda, droo ilifunguka yenyewe kidogo, upana wa vidole viwili.

"Mai," sauti ikasema. Ndivyo mzee alivyomwita, yaani mama, tangu akiwa mdogo, kwa kuwa alikuwa na sura ya bibi yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Umekula nini?"

"Wali na mchicha."

"Ndizi hakuna?"

"Huku ndizi ni za kununua."

Anaeli alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa akakiweka juu ya dashibodi, na walipofika lami kifuniko kilikuwa kitupu, akamimina tena. Njiani Wilbert alimsimulia dada yake mambo ya Dar, foleni, mtoto wake wa kiume aliyeanza kutaka kuvaa hereni, naye Anaeli alicheka mpaka akashika tumbo. Alimkumbusha alivyomwangusha mferejini akiwa na mwaka mmoja na baba akamwogesha kwa maji ya moto nyumba nzima ikiwa imenyamaza kwa hofu. Kutoka kwenye droo mzee alisema haikuwa mwaka mmoja, ilikuwa mwaka na nusu. Ilikuwa safari nzuri. Wote watatu wangeendelea nayo hata mpaka Arusha kama isingekuwa na mahali pa kufika.

Sirili alikuwa amewatangulia kwa bodaboda, amechuchumaa kwenye kivuli cha nyumba mpya ya Wilbert, nyumba ya ghorofa iliyokaliwa wiki tatu kwa mwaka. Wilbert aliingiza gari taratibu mpaka katikati ya uwanja wa vitofali. Milango ikafunguliwa yote miwili. Anaeli hakushuka. Hakuwa amefika hapo tangu ahame, na sasa aliangalia chini, kwenye vitofali vya kijivu vilivyopangwa vizuri sana, kimoja baada ya kingine, kuanzia mfereji hadi kwenye mparachichi. Mparachichi wenyewe haukukatwa. Wilbert aliuacha kwa ajili ya kivuli.

Shangazi Aikaeli, dada wa marehemu, alitokea kwenye migomba ya jirani amebeba kigoda. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na alikuwa amesikia sauti ya kaka yake tangu gari liko kwenye kona ya kanisa.

"Hosea," akasema, akiketi karibu na mlango wa abiria. "Umechelewa."

"Nimechelewa," mzee akakiri.

"Mguu je?"

"Uleule."

Wilbert alibaki kwenye usukani. Sirili alivua kofia na kusogea. Walipokuwa wamekaa wote, mzee aliomba kwanza, kama alivyofanya maisha yake yote: "Bwana, tumekaa. Utusaidie tusidanganyane. Amina." Waliinamisha vichwa, na Sirili, ambaye ni Mkatoliki, akafanya ishara ya msalaba. Halafu mzee alisafisha koo mara mbili.

"Kuanzia mfereji mpaka mparachichi ni pa Anaeli," alisema. "Nilipanda masale mwenyewe. Wewe Wilbert una nyumba, na una upande wote wa juu mpaka kwa jirani yetu Eliona, panakutosha. Siku ile nilitaka kusema. Sasa nimesema."

Kuku wa Shangazi Aikaeli walikuwa wamemfuata na walikuwa wakidonoa mistari kati ya vitofali. Anaeli alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili.

"Nimesikia, baba," Wilbert akasema. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya uongo. "Nimesikia vizuri kabisa. Ila uangalie na hali. Tarehe ishirini na tano wageni wanakuja, magari tisa, mengine ni ya wakubwa. Geti ni la kuteleza, limeshapimwa kwa uwanja huu huu. Na hivi vitofali ukiving'oa havirudi."

"Kahawa pia haikurudi," Shangazi Aikaeli akasema.

"Sikatai, shangazi. Nasema tu mambo haya hayataki haraka. Sikukuu ipite, tukae tuongee vizuri."

"Tumekaa," mzee akasema.

Wilbert akainama, akaweka kiganja juu ya dashibodi, polepole, kama mtu anavyoweka mkono juu ya blanketi la mgonjwa.

"Pumzika, baba," alisema. "Tutaongea kesho."

Anaeli alimtazama mdogo wake, mtu mzima mwenye mvi mbili za kwanza juu ya sikio, na alimpenda, na alijua kwamba hatapata kile kipande. Aliyajua yote mawili kwa pamoja na hakuna hata moja lililopunguza lingine. Akafungua chupa akammiminia kila mmoja chai. Shangazi Aikaeli alikunywa yake, akainuka, akachukua kigoda chake, akasema ana ng'ombe wa kukamua.

Wilbert akamgeukia Sirili. "Limepona?"

"Jaribu mwenyewe."

"Uwanja wangu," Wilbert akasema. Walingoja. "Nyumbani kwangu. Uwanja wangu." Gari lilinyamaza kama jipya. Wilbert alimshika fundi bega kwa furaha, akamwambia kweli mafundi wako Moshi, akamlipa kuliko alivyotaka. Sirili alishukuru. Kabla ya kupanda bodaboda alitoa daftari, akatafuta ukurasa wa gari jekundu, na chini kabisa akaandika: Chanzo kimepatikana. Hakijarekebishwa. Hakumwonyesha mtu. Alirudi Majengo, ambako kulikuwa na basi dogo la harusi lililokuwa likivuja mafuta.

Saa kumi na moja Wilbert alimrudisha dada yake Kahe. Alikuwa amemkatia mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba, mkubwa, akamfutia utomvu kwa kitambaa chake mwenyewe ili usichafue gauni, na kwa kuwa buti ya gari la spoti haina nafasi, Anaeli aliupakata njia nzima. Walipofika Wilbert alizunguka akamfungulia mlango, akambebea mkungu hadi ndani. Aliporudi kwenye gari alikuta droo imefunguka yote na Mzee Hosea anatoka. Alitoka taratibu, akitanguliza mguu wenye baridi yabisi. Alikuwa amevaa suti nyeusi waliyomzika nayo, na juu yake sweta la buluu alilofumiwa na Anaeli, la baridi ya mlimani.

"Baba, unashuka?" Wilbert akauliza.

"Nashuka."

"Hurudi na mimi nyumbani?"

"Umesema kesho," mzee akasema. "Nitaisubiri huku."

Wilbert alimshika mkono mpaka akasimama sawasawa. Alimkumbatia, akamkumbatia na dada yake, akasema atakuja Pasaka akiwa na nafasi, na alikusudia kuja. Kisha akarudisha kiti cha abiria nyuma mahali pake, akafunga droo, akaondoka. Kwenye reli alimpigia simu fundi wa geti na wakaongea juu ya uwanja wake mpaka mtandao ukakatika. Gari halikutoa sauti, wala halikutoa tena baadaye, na Wilbert alilisifia kwa miaka mingi.

Anaeli alimpa baba yake kiti, yeye akakaa kitandani. Alifurahi kuwa naye, akaona aibu kufurahi, kisha akaacha kuona aibu. Akamenya ndizi mbili, akaziweka jikoni. Mzee alitazama chumba chote bila haraka, bati, dirisha, jembe lililoegemezwa nyuma ya mlango.

"Mlima unaonekana kutoka hapa?"

"Asubuhi tu. Kama hakuna mawingu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alijaribu kuvua sweta, mikono ikakwama, na Anaeli akainuka kumsaidia kama alivyomsaidia miaka sita, mkono mmoja kwanza, halafu kichwa, halafu mkono wa pili. Akalikunja sweta akaliweka chini ya godoro, mahali pasipofika vumbi.

"Joto hili, Mai," mzee akasema.

"Utazoea, baba," Anaeli akamwambia. "Mimi nilizoea mwaka wa pili."